Saa ya Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kimlaze mkono wa kushoto, saa ya Mwalimu Ndekirwa ilikuwa ikisimama kila mara. Binti yake, Elinami, akampeleka mama yake kwa fundi wa saa.

"Saa yako ni nzima, Mwalimu," fundi alisema baada ya kuifungua. "Zipo za betri, zipo za kutiwa ufunguo kila siku. Hii hujijaza yenyewe, mkono unapotikisika." Akautazama ule mkono uliolala pajani.

"Basi tununue ya betri, mama," Elinami alisema. "Hiyo haitasimama."

"Ya betri hutembea hata ukimvalisha maiti," Mwalimu akajibu. "Mimi sijafa. Nifungie hapahapa, fundi, kushoto."

Fundi akamfunga mkanda taratibu. Mwalimu akaukazia macho mkono wake kama alivyozoea kumkazia mwanafunzi mkaidi. Jasho likamtoka usoni. Elinami akanyoosha mkono amsaidie kuuinua.

"Acha!" mama yake akamkemea.

Bega likacheza. Kiganja kikaachana na paja, kidogo tu, kisha kikaanguka. Mshale wa sekunde ukapiga hatua tatu, ukasimama.

Mwalimu akavuta pumzi, akaanza tena.