Kura Moja ya Pontiani

Wanaume wawili walipiga magoti wakiutazama ukuta, wamewapa watu migongo. Bega la Pontiani lilikaribia kugusa la Ayubu. Nyuma yao watu wote walikuwa wameinamisha vichwa na kufumba macho.

Ndivyo chumba hiki cha maombi, nje kidogo ya Rumonge, kinavyochagua kiongozi. Wagombea hutazama ukuta ili wasijue nani anawataka na nani hawataki. Mwenye macho wazi ni mmoja tu, yule anayehesabu, naye huitwa kutoka mbali ili asiwe na ndugu humo ndani. Safari hii alitoka Bugarama, mwinjilisti Boaz.

"Muko hamsini na tatu, pamoja na hawa wawili hapa mbele," Boaz alisema. "Nao ni wakristo, nao watanyoosha mukono. Kila mutu mara moja."

Pontiani alifumba macho. Jambo hili alilitaka kwa miaka sita, na hakuna haja ya kumpamba: alilitaka kwa uchu. Alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania bila mke, maana Agnesi walimzika hukohuko. Tangu hapo mchana alikamua mawese, jioni alikula peke yake, na ugali wa mtu mmoja hauna ladha. Aliona jinsi nyumba ya kiongozi aliyetangulia ilivyokuwa haikauki watu: huyu na mgonjwa wake, yule na posa yake, mwingine amepita tu kusalimu. Yeye aliweza kumaliza wiki nzima bila mtu kulitaja jina lake.

Basi akaanza kutumika. Tusimwonee, kazi aliifanya kweli. Alifagia chumba kila Jumamosi. Ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za chini, alibeba magodoro ya watu kichwani, maji yakimfika kiunoni. Mama Vestine, mzee aliyesali humo, alipoanguka kwa ugonjwa, alimpakia kwenye baiskeli hadi hospitali, akamuuguza siku tisa. Sasa, mbele ya ukuta, aliwapitia mmoja mmoja: huyu wangu, huyu wangu, na yule naye wangu.

Ila Ayubu. Huyu alikuwa fundi baiskeli, mcheshi, asiye na haraka ya jambo lolote. Jina lake walilitaja wengine, naye alikataa mpaka walipomsukuma mbele asubuhi hii ya kura.

Siku moja kule hospitalini, Pontiani alirudi kutoka kununua chai akamkuta Ayubu amepiga magoti, anapangusa matapishi chini ya kitanda cha Mama Vestine. Mama alikuwa amelala. Ayubu alisuuza kitambaa, akaaga, akaenda zake. Mama alipoamka akaona sakafu safi, akamshukuru Pontiani. Pontiani akaitikia, "Si neno, mama."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Leo lilimjia bila kuitwa.

"Wanaomutaka Ayubu!" Boaz aliita.

Mchakacho wa nguo ulisikika chumba kizima, ukadumu, maana Boaz hakuwa mwepesi wa kuhesabu.

"Mushushe. Wanaomutaka Pontiani!"

Kimya. Kisha mchakacho wa shati moja tu, hapo mbele.

Boaz alikohoa. Hakukipenda alichokuwa karibu kukisema, na ilisikika sautini. "Ayubu, hamsini na mbili. Pontiani, moja."

Macho yalifumbuliwa. Mtu mmoja alicheka kwa pua, wakafuata wawili, halafu benchi zima la nyuma, kile kicheko cha kujizuia ambacho huuma kuliko cha wazi. Hakuna aliyeuliza ile moja imetoka wapi. Walimwinua Ayubu, wakaanzisha wimbo, wakatoka naye hadi barabarani.

Mama Vestine alibaki, mkongojo mkononi.

"Ndugu Pontiani, ulinisaidia, murakoze, asante sana. Lakini kila ukimaliza kazi, macho yako ilikuwa inatafuta mutu wa kukuona. Tulichoka. Na leo tena unajinyooshea mukono wewe mwenyewe? Mbele ya Mungu?"

Pontiani alisema jambo jingine.

"Mama, ile siku hospitalini, chini ya kitanda. Haikuwa mimi. Ilikuwa Ayubu."

Mama Vestine alimtazama, akatikisa kichwa, akawafuata wenzake polepole.

Chumba kilibaki na mabenchi na mtu mmoja. Pontiani aliumia. Alishika ufagio kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kushika, akaanza kufagia kutoka ukutani, ingawa leo haikuwa Jumamosi na hapakuwa na wa kumwona. Huko nje wimbo ulizidi kwenda mbali, kuelekea kwa Ayubu, ambako wangekula.

Alikuwa amefika benchi la tatu mlango uliposukumwa. Ayubu aliingia, shati limelowa jasho, akaufunga nyuma yake. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Wote kule njiani wanasema ulijipigia," alisema.

Pontiani aliendelea kufagia. "Waache waseme."

Ayubu alisogea, akaukanyaga ufagio kwa mguu ili usiende.

"Ile moja ilikuwa ya kwangu, ndugu. Ya kwako uliitia wapi?"