Kiti cha Abiria

Radenko alichomoa waya wa betri, akateleka kahawa. Ndiyo ilikuwa desturi yake kwa kila gari lenye mifuko ya hewa: umeme uliosalia ufe kwanza, kahawa inywewe, ndipo mkono uguse dashibodi. Mfuko ukimlipukia fundi usoni, hauna simile.

Hakufika funda la pili.

"Rade! Njoo uone maajabu." Sreten, mwenzake wa gereji, alikuwa ameinamia dirisha la gari la marehemu Momir. "Mifuko yote miwili imelipuka. Wa dereva na wa abiria."

"Basi?"

"Basi nini, mzee mzima? Gari hili kiti kikiwa kitupu, mfuko wake haufunguki. Jogoo wetu hakuwika peke yake siku hiyo!"

"Funga domo. Mjane yuko mlangoni."

Momir aligonga msonobari kwenye barabara ya mlimani. Alikutwa peke yake, milango imefungwa, theluji imefuta kila alama. Daktari alisema msaada ungeitwa mapema, Momir angepona. Kumbe kuna mtu alikaa pale, akashuka, akamwacha. Radenko alikitazama kile kiti.

Stanojka aliingia na nguo zake nyeusi, bakuli la ngano tamu ya arobaini mkononi. Alilishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia haukuinuka vizuri. Baridi yabisi, alisema. Mtaa mzima uliijua sauti ya Momir, jinsi alivyofoka usiku na mchana. Ya mkewe hakuna aliyeijua sawasawa.

"Kuleni, shemeji. Kwa ajili ya roho yake."

Radenko akala kijiko kimoja. "Mungu amlaze pema."

"Eti gari linajua nani alikaa ndani?"

Sreten akakohoa. Radenko akamkanyaga mguu. Amwambie nini mama wa watu? Kwamba mumewe alikuwa na hawara, na hawara huyo akamwacha afe? Ameshamzika mara moja. Kumzikisha mara ya pili ni ukatili.

"Halijui, shemeji. Mifuko hii hulipuka yote pamoja, awepo mtu asiwepo."

Hakuwahi kusema uongo kwa upole namna ile.

Vipuri vilipofika, Stanojka alikuja tena, akasimama pembeni. Radenko alibadilisha mikanda na kompyuta ya mifuko. Kisha akaubeba mfuko mpya, uso wake ukielekea mbali na kifua chake, akaufunga mahali pake. Muda wote huo mama yule hakuondoa macho kwenye kiti. Midomo ilimcheza kama mtu anayesali, au anayejibizana.

Gari lilipowashwa, taa ya mifuko iliwaka kidogo ikazimika.

"Limepona," Radenko akasema, akimnyooshea ufunguo. "Liuze, shemeji, ulale. Usijitese kwa kuwaza. Alikuwa peke yake."

Stanojka hakuupokea.

"Usinidanganye, shemeji. Najua umekwisha kujua kulikuwa na mtu." Sauti yake ilikuwa kavu, wala haikutetemeka. "Nilikuwa mimi. Nilishuka nikaenda zangu. Aliniita mpaka nikafika darajani."