Mashimo ya Mwaka Jana

"Msihangaike kuchimba," Mzee Mbaruku, mlinzi wa shule, aliwaambia wanachuo waliokuja kujitolea kupanda miti. "Mashimo ya mwaka jana yapo."

Katika shimo lake Tunu alikuta mche mkavu, umefungiwa kibao chenye jina la mwanachuo mwingine. Aliung'oa kwa vidole viwili.

"Nani humwagilia, babu?"

"Bomba halitoi maji huu mwaka wa tano. Nawaambia kila mkija." Akaupokea ule mche, akauchomeka kwenye mzigo wake wa kuni.

Wenzake walishapigwa picha, wanarudi kwenye basi. Tunu akapanda mche wake, akaumiminia maji yote ya chupa yake. Udongo uliyanywa kabla hajainuka. Akakifungua kibao chenye jina lake, akakitia mfukoni.