Mgeni wa Alhamisi

Kabera aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Hapa banaandika sifuri," alisema. "Juu ya nini sifuri, sababu gani?"

Kanyange alikuwa amesimama nyuma ya shemeji yake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akimwomba Mungu sifuri ile iwe kosa la umeme.

Walikuwa wametoka Rubondo, huko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tangu alfajiri, wakapanda lori la ndizi za matoke hadi Mbarara, kwenye kafe ya intaneti ya Rwakabuba mtaani Nyamityobora. Safari nzima kwa ajili ya namba moja tu. Ngoga, mume wa Kanyange, alipotea katika vita vya Kongo miaka sita iliyopita, na ukoo wake ulikuwa umechoka kungoja. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wazee. Aombolezwe, matanga yaondolewe, mjane arithiwe na mdogo wa marehemu kama walivyozoea huko milimani kwao Kongo. Maana yake Kanyange, binti zake wawili, Bénédicte na mdogo wake, na shamba lake la maharage wahamie kwa Kabera, naye awe mke wa pili. Kabera hakuwa mtu mbaya. Ila Kanyange aliona afadhali ziwa limmeze kuliko kulala katika nyumba ile.

Kilichomwokoa karibu miaka miwili hii ni ukurasa. Rwakabuba alimtengenezea kwenye intaneti: picha ya Ngoga, jina lake, na neno "Tunakutafuta". Ukurasa huo ulikuwa na kibao cha kuhesabu wageni. Kila kompyuta inayoufungua huachiwa alama ndogo, mafundi wa kompyuta huiita kuki. Kompyuta hiyo ikifungua tena, kibao huitambua alama yake na kuandika: mgeni huyu amerudi.

Wageni wengi walichungulia mara moja wakaenda zao. Mmoja alirudi. Alirudi kila Alhamisi, bila kukosa, mara tisini na mbili.

Nani mwingine angetazama uso wa Ngoga mara tisini na mbili, kama si Ngoga mwenyewe? Kanyange aliwauliza wazee swali hilo, na wazee, ambao walijua ng'ombe kuliko kompyuta, wakakubali kungoja. Kila juma alikwenda mjini kuuza maharage, na kila mwisho wa mwezi alirudi akiwa na hesabu iliyochapishwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri wa kafe. Nani atabishana na muhuri? Matanga yaliahirishwa, yakaahirishwa tena.

Mwezi huu Kabera alisema karatasi zimetosha, atakwenda kujionea kwa macho yake. Na leo Jumatatu, hesabu ya wiki iliyopita ilikuwa hii: wageni wapya mmoja, waliorudi sifuri.

"Pengine alikuwa mugonjwa," Kanyange alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Pengine kule fasi anaishi hakukuwa umeme. Shemeji, tungojee juma moja. Moja tu. Nakuomba."

Mfa maji haachi kutapatapa. Alizungumza juu ya mvua, juu ya nyaya zilizoibwa, juu ya barabara za Kongo. Kabera alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia yake.

"Mama Bénédicte, huyu mutu alirudia mara makumi tisa na mbili. Hakukosaka hata siku moja. Sasa hakurudia." Macho yake yalijaa machozi ya kweli. "Ndugu yangu alikuwa muzima wakati huu wote, na siye tulikuwa tunabishana. Sasa amekufa."

Akatoka nje na simu yake. Kupitia dirishani walimsikia akiwapigia wazee wa Rubondo: kilio kianze leo, matanga yaondolewe Jumamosi, na wake za ndugu waende kumsaidia mama Bénédicte kufungasha vitu vyake.

Rwakabuba alikuwa amekaa kando wakati wote huo, kama ipasavyo mtu asiye wa ukoo. Sasa akamsogelea Kanyange, akanong'ona kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Nyabo, mama yangu, hapana ogopa. Huyu mutu hapana kufa. Mimi Jumatano nilisafisha kompyuta zote, virusi ilikuwa mingi sana. Kuki zote nilifuta. Kama huyu mgeni anatumia kompyuta ya hapa kwangu, alama yake imepotea, sasa kibao inamuita mgeni mpya. Ni yeye, ule mmoja! Alikuja tu kama siku zote."

Kanyange aligeukia dirisha kuona kama Kabera amesikia.

"Nilifuta zote," Rwakabuba aliendelea, akifurahia habari njema aliyoileta. "Hata hii namba tatu, ile yako ya kila Alhamisi, nayo nilifuta. Ngoja nimuite huyu ssebo, shemeji yako, nimuelezee yote, aache kulia."

Alikuwa amekwishafika mlangoni Kanyange alipomdaka mkono wa shati.

"Usimwambie."

"Kwa nini, nyabo?"

"Baba, nakuomba na Mungu. Usimwambie."

Rwakabuba alimtazama kana kwamba hamjui. "Kwani wewe unataka bwana yako akufe?"

Kanyange aliitazama ile namba tatu, alikoufungua ukurasa kwa mkono wake mwenyewe mara tisini na mbili. Akaketi sakafuni penye nyaya, akaangua kilio alichokimeza tangu asubuhi ile ya miaka sita iliyopita, kule Bijombo milimani, alipomfukia Ngoga peke yake, kwa jembe la kuazima, akaapa kwamba ndugu zake hawatajua.