Sauti ya Bi Tabu

Hospitalini kwao, mgonjwa akifa, sauti yake ya saa ya mwisho hutiwa kwenye kijisanduku, na daktari aliye mafunzoni huishi nayo nyumbani mpaka kikao cha kesi kimtaje mwenye kosa. Kwa Dakta Nasra, sauti ya Bi Tabu ilikuwa na mwezi wa tatu juu ya kabati la vyombo.

"Mwanangu, kifua kinanibana. Bingwa mmempigia?"

Nasra alimpigia mara nne usiku ule. Na kila Jumatano daktari bingwa Mwakyoma, mwenyekiti wa kikao, aliiahirisha kesi huku akitabasamu: "Bado ina mafunzo."

Jumatano hii uzalendo ulimshinda Nasra. Alikibwaga kijisanduku mezani mbele ya madaktari wote.

"Mafunzo gani? Nilikupigia mara nne, hukupokea! Kaa naye wewe!"

Akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimkuta binti yake wa miaka minne ameketi chini ya kabati, amepakua ubwabwa sahani mbili.

"Bibi umemwacha wapi?"

"Kazini."

Mtoto alimkazia macho, kisha akajishika kifua.

"Mwanangu, kifua kinanibana," alisema. "Bingwa mmempigia?"