Hewa ya Juzi

Mwalimu Theodora alivunja kipande cha barafu kwa nyundo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Viputo vikaanza kupanda na kupasuka, tiki, tiki, tiki.

"Sikilizeni," alisema. "Theluji ya kule ncha ya dunia hugandamana ikafungia ndani hewa ya enzi zake. Wataalamu huichimba, wakajua mababu wa mababu zenu walikuwa wanavuta hewa yenye nini. Hii yetu ni ya juzi tu. Nani ataniambia ina nini?"

Darasa zima likainamia glasi moja. Mwanafunzi wa mbele akanusa, akamtazama mwenzake. Mwenzake naye akanusa, akalamba midomo.

"Ina uraka, madam."

Theodora alikuwa mtu wa Moshi, hata mwezi hajamaliza Newala. "Uraka ndiyo gesi gani?"

"Pombe ya mabibo, madam."

Walicheka mpaka madawati yakagongana. Aliyekaa nyuma hakucheka. Huyo alikuwa Mkuu wa Shule, amekuja kumkagua, na kila asubuhi mstarini ndiye huwatisha watoto kwa moto unaowasubiri walevi.

Theodora akanusa mwenyewe. Kweli kabisa. Akaikumbuka friji ya watu aliyoitumia. Hakuwa amewaambia wanafunzi barafu imegandishwa kwa nani, na leo haikuwa siku ya kuwaambia.

Mkuu akainuka taratibu, akakohoa.

"Ile chupa," akasema, "ni ya shemeji yangu."