Hakuna Kurudi kwa Muuzaji

Simu ilishakatika, lakini mwenye karakana aliendelea kuibana sikioni, kana kwamba yule wa ng'ambo angerudi kusema alikuwa anatania.

Hakuwa anatania. Alikuwa mhasibu wa mteja wake, na alinong'ona tu: "Sisi huku tumefilisika. Na benki iliyotudhamini nayo inakata roho, wiki hii au ijayo inafungwa. Mimi sijakwambia kitu."

Akakaa juu ya kreti. Pampu zake za maji zilivuka mipaka zamani. Mteja alizichukua kwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu, akasaini hati, na benki yake ikagonga muhuri kwamba akishindwa italipa yenyewe. Hati hizo ndizo alizokuwa dalali wake akizitafutia mtu wa kuzinunua taslimu, kwa bei pungufu. Atakayezinunua ndiye angesubiri hiyo miaka mitatu, na zikigeuka makaratasi matupu, shauri yake. Mkataba ulisema wazi: hakuna kurudi kwa muuzaji.

Nje, mafundi walikaa wamekunja mikono. Miezi minne bila mshahara. Mzee wa tanuri alishatolewa vyombo nje na mwenye nyumba. Alikuwa akilala stoo na wanawe.

Dada yake akaingia na chupa ya chai. Ndiye aliyemlea wazazi walipofariki. Siku hizi presha yake ilikuwa juu, na daktari alikataza asipewe habari za kushtua.

"Mbona umesawijika hivyo, mdogo wangu?"

"Usingizi tu, dada."

Akammiminia chai, akamkazia macho. "Hizo hati zako ni salama kweli? Niambie ukweli."

Alijilazimisha kucheka. "Dada nawe! Salama salimini. Ningekuwa na hela ningezinunua mwenyewe."

Dada akashusha pumzi, akampigapiga begani, akatoka, chai ikabaki haijaguswa.

Mchana dalali akapiga simu: mnunuzi kapatikana, njoo usaini.

Ofisini kwa dalali alishika kalamu. Alifungua kinywa aseme, akawakumbuka wale watoto wa stoo, akakifunga. Atakuwa tajiri fulani, alijipa moyo, mtu ambaye hasara kama hii haimkoseshi hata usingizi. Akasaini.

Hela ziliingia. Palepale kwenye kiti akawatumia mafundi mishahara yao yote kwa simu, mmoja baada ya mwingine, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo. Kilichobaki kikaenda kwa waliomuuzia vyuma. Ndipo alipopumua.

Akiwa mlangoni, moyo ukamsuta. "Kwani aliyezinunua ni nani?"

"Aliomba asitajwe, anasema muuzaji angekataa." Dalali alikuwa akifunga kabati. "Lakini si mambo yamekwisha? Ni mama mmoja mstaafu. Kauza nyumba yake, kaongezea kiinua mgongo chote. Nilimwonya, nikamwambia mama, biashara hii ina hatari zake. Akacheka. Akasema asubuhi amemuuliza mwenye hati mwenyewe, na mtoto aliyembeba mgongoni hawezi kumdanganya."